Dume la Mgori

Ukitoka Singida mjini kuelekea Unyambwa, ukishapita mashine ya kukamulia alizeti, utakuta ubao mrefu umelazwa juu ya mawe mawili, umekingiwa upepo kwa magunia matupu. Ubao huo ni ubavu wa lori lililoangukia Shelui zamani, na aliyeuleta hapa ni mimi. Nusu ya njia niliubeba begani, nusu ya pili niliulalia. Tunaoukalia kila asubuhi ni wanne. Yupo Hosea, tunamwita Breki, utingo mstaafu ambaye kila kona ya mlima Sekenke anaijua kwa jina na kwa jina la aliyepinduka hapo. Yupo Godfrey, kijana wa miaka ishirini na sita, jina lake Bando, maana hekima yake yote iko kwenye simu, na bando likikata na hekima inakata. Yupo mzee Manase, Injini Baridi, ambaye ukimuuliza jambo Jumatatu ujiandae kwa jibu Jumatano. Na nipo mimi, Chumvi. Wenye wivu wanasema jina hilo limetokana na maneno yangu. Ukweli ni kwamba babu yangu alikuwa mchota chumvi, tena ziwa lilikuwa likimsubiri yeye ndipo likauke. Kahawa anauza Agnes, mwanamke asiyecheka bure.

Jumamosi hiyo hatukukaa kupiga soga. Tulikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya kumwokoa mtu.

Rafiki yetu Chediel alifariki mwezi wa tatu, akamwacha mkewe Dorkas kwenye nyumba waliyoijenga pamoja tofali kwa tofali. Mara akaja mdogo wake marehemu, Mazengo, aliyekuwa kazini Itigi kwenye reli miaka yote hiyo, akasema huyu mwanamke hakuolewa. Aliletwa tu kimyakimya, hakuna mahari iliyokwenda kwao, kwa hiyo nyumba ni ya ukoo na yeye afunge mzigo. Dorkas akasema mahari ilikwenda kwao Mgori, mwaka elfu mbili na mbili. Wazee wa ukoo walioipeleka wote wako makaburini. Ndugu zake wa Mgori wakakataliwa, kwamba shahidi ndugu ni ndugu kabla ya kuwa shahidi. Basi wazee wa ukoo wakaamua hivi: Dorkas ameshaeleza kila kilichotolewa siku ile, na maneno yake wameyaweka. Sasa waje wanaume waliomsindikiza Chediel. Kila mmoja aingie peke yake, aseme alichokiona. Maneno yakilingana na ya mama, anabaki kwake. Yakipishana, anaondoka. Na yeye akaapishwa asitufundishe hata neno moja.

Kikao saa nne. Sisi saa mbili tulikuwa tumeshakaa ubaoni tukikumbushana, maana kukumbushana si dhambi.

Breki: Tuanze na lile dume la ng'ombe. Ushahidi bila dume ni ugali mkavu.

Mimi: Dume lilikuwa jekundu, lina baka jeupe usoni.

Breki: Ubavuni.

Mimi: Usoni, Breki. Mimi ndiye niliyetazamana nalo.

Breki: Wewe ulitazamana nalo, mimi nilikuwa nyuma nimeshika kamba. Aliye nyuma ndiye anayeona ubavu.

Bando: Samahani wazee wangu, kamba niliishika mimi.

Agnes akaacha kupepea mkaa.

Agnes: Godfrey, mwaka elfu mbili na mbili ulikuwa na miaka mitatu.

Bando: Mitatu na nusu, shangazi.

Agnes: Na mlikuwa mnakaa Manyoni.

Bando: Nilikuja likizo.

Agnes: Likizo ya nini, ya kunyonya?

Bando: Shangazi, mimi lile dume naliona hapa. Vumbi limetimka, mama kanibeba mgongoni, kamba ikapita karibu nikaidaka. Mpaka harufu yake naisikia.

Mimi: Mwache kijana. Likilala linakumbukwa na wakubwa, likikimbia linakumbukwa na wote.

Na lilikimbia. Hapo ndipo utamu ulipo, na kila aliyekaa ubaoni kwetu anaujua. Tulipofika langoni kwa wakwe, dume likasikia vigelegele, likakata kamba, likaingia kwenye alizeti. Likatoka huko na maua shingoni kama bwana harusi. Likapiga teke chungu cha pombe ya mtama, wazee wa Mgori wakapanda juu ya jabali na fimbo zao. Mimi nikasema haiwezekani aibu hii ituangukie watu wa Unyambwa. Nikalikamata pembe. Kovu hili hapa kiganjani.

Agnes: Kovu hilo ulilipata kwenye mashine ya alizeti. Nilikufunga mimi, kwa kanga yangu, na hukuirudisha.

Mimi: Lilikuwa limeshafunga lile la dume, mashine ikalifungua tena.

Agnes: Chumvi, mimi nauza kahawa hapa mwaka wa kumi na nne. Mara ya kwanza nasikia hii hadithi lilikuwa jogoo.



Breki: Jogoo gani?

Agnes: Jogoo. Jogoo alikata kamba huko Mgori akaingia kwenye alizeti, na Chumvi akamkamata. Mwaka uliofuata akawa beberu. Ulipoingia ule msimu wa mvua nyingi, mkashinda hapa chini ya turubai, jioni moja nikasikia ni dume. Na siku hiyo hiyo Breki akaanza kushika kamba.

Breki: Unataka kusema tumesahau?

Agnes: Sisemi mmesahau. Nasema mnakumbuka mno.

Breki: Mama, mkono mtupu haulambwi. Kama hakukuwa na dume, kule Mgori walilamba nini?

Methali za Breki ni kama malori yake ya zamani, zinafika lakini si kule zilikotumwa. Bando akawa ameshatoa simu.

Bando: Kumbe hii kitu ipo kabisa. Wataalamu waliwachukua watu wazima, wakawaambia ukiwa mdogo ulipotea dukani. Wala hawakupotea. Siku zikapita kidogo, wengine wakaanza kukumbuka. Walilia wapi, mzee gani aliwaokota, alivaa shati gani.

Breki: Walilipwa?

Bando: Haijasema. Inasema ukikumbuka jambo hulitoi kama lilivyokuwa. Unalitengeneza upya, kisha unaliweka upya. Kesho unatoa lile la jana, siyo lile la kwanza.

Agnes: Kama kahawa yenu. Ya jana naipasha, naongeza maji na tangawizi, mnanisifia mkono.

Mimi: Agnes, hii ni ya jana?

Agnes: Endelea kukumbushana, shemeji.

Breki akakitazama kikombe chake kwa muda, akakinywa hivyo hivyo.

Breki: Hao wataalamu wangeniuliza mimi. Kichwa ni lori. Unapakia Dar es Salaam, boksi za sabuni mbele, betri nyuma. Unaingia Sekenke, kona, kona, kona. Ukifika Nzega unafungua, betri ziko mbele, sabuni imepasuka, na katikati kuna kuku ambaye hukumpakia. Huwezi kusema umeibiwa. Mzigo umehama.

Bando: Na yule kuku?

Breki: Ndiyo kumbukumbu ya uongo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Unaona? Kamba ilikuwepo.

Mimi niliona mazungumzo yanapotea njia, na wenye elimu tupo. Darasa la saba nilikaa miaka miwili kwa kulipenda.

Mimi: Sikilizeni. Kumbukumbu ni joto. Mtu akikaa kwenye huu ubao akaondoka, joto lake linabaki, anayefuata analikalia. Wiki nzima, mwaka mzima, joto la huyu linaingia kwa huyu. Ndiyo maana Bando, ambaye Mgori hajakanyaga, anaikumbuka kamba. Amekalia nafasi yangu miaka minne.

Bando: Kwa hiyo kamba ni yako?

Mimi: Ni yangu. Nimekukodisha.

Breki: Ngoja, ngoja. Kama ni hivyo, marehemu alikuwa anakaa wapi?

Bando: Hapo alipo mzee Manase.

Breki: Basi kumbukumbu za Chediel zimo humu. Siku ya mahari, wakwe, dume, kila kitu kimo kwenye mbao. Sasa sisi tunahangaika nini? Tuubebe ubao kikaoni, ukatoe ushahidi wenyewe.

Mimi: Utasemaje?

Breki: Mazengo akae juu yake nusu saa. Atakumbuka harusi ya kaka yake mpaka atalia.

Nikiri jambo moja. Asubuhi ile hoja hiyo iliniingia. Nikashika kichwa cha ubao, Breki akashika mkia, tukainua. Mzee Manase alikuwa bado amekaa katikati, kikombe mkononi, hajasema neno tangu saa mbili, na hakuteremka. Tukawa tumemnyanyua hivyo, kama chifu wa zamani, ndipo tukasikia sauti nyuma ya magunia.

— Shikamooni.

Alikuwa Dorkas. Kanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani, sweta la marehemu juu yake, upepo unazivuta zote. Tukateremsha ubao. Manase akamwagikiwa kahawa mguuni, akaufuta polepole.

Mimi: Marahaba, shemeji. Karibu. Tulikuwa tunasafisha chini.

Bando: Shikamoo, mama.

Dorkas: Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwaambia wazee wamewahi. Mazengo naye ameshafika. Wanasubiri saa nne tu.

Breki: Usiwe na hofu, shemeji. Penye wengi hapaharibiki neno. Tuko wanne, neno litaharibikia wapi?

Mimi: Tumelipanga lote. Mazengo akisikia habari ya dume, atanyamaza mwenyewe.

Dorkas: Dume.

Mimi: Lile jekundu. Lenye baka jeupe usoni.

Breki: Ubavuni.

Bando: Tumekubaliana shingoni.

Dorkas alikaa kwenye jiwe la pembeni. Agnes akampa kikombe bila kuulizwa, naye akakishika kwa mikono miwili. Niliona hakinywi, nikadhani anapasha vidole kwa baridi ya mwezi wa saba. Basi nikamsimulia ili apate nguvu. Nilimsimulia kuliko nilivyowahi kulisimulia. Siku hiyo dume liliingia mpaka jikoni, likatoka na sufuria kwenye pembe, na mimi nikaling'ang'ania kuvuka shamba zima la alizeti huku naburuzwa, wakwe wakisema, kijana huyu ni wa ukoo gani. Bando aliongeza mama yake akipiga yowe. Breki aliongeza kwamba kamba ilikuwa ya katani, siyo ya nailoni, na hilo lilinipendeza hata mimi. Nilipomaliza, nilikuwa natweta.

Dorkas akasubiri nipumue.

Dorkas: Mnajua niliapishwa.

Mimi: Tunajua.

Dorkas: Siruhusiwi kuwaambia kilichokwenda kwetu. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema siyo. Nikifanya hivyo nikaulizwa, nitashindwa kujibu, na mimi mbele ya Mungu sidanganyi.

Breki: Hatukuombi hata kidogo.

Dorkas: Lakini kuuliza sijakatazwa.

Mimi: Uliza, shemeji.

Dorkas: Siku hiyo mimi nilikuwa wapi?

Swali dogo. Mtoto wa chekechea angelijibu. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza nikaigeuza hadithi upande ule. Nikaona lango. Nikaona wazee juu ya jabali, chungu, alizeti, dume, na mimi nimependeza. Nikazunguka nyumba nzima ya wakwe kumtafuta bibi harusi. Miaka ishirini na tatu, mwari mwenyewe hatujawahi kumweka.

Breki: Ulikuwa kwenye mkeka. Umeinamisha kichwa.

Bando: Kanga nyekundu.

Mimi: Ya njano, Bando. Na shangazi zako wawili, mmoja kila upande. Dume lilipopita ulifunua uso kidogo ukanitazama.

Niliposema hivyo niliona kabisa yale macho. Naapa, niliyaona.

Dorkas akaweka kikombe chini. Akajifunika mabega vizuri, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo, na nikasikia anasema taratibu, si kwetu, nadhani kwa yule aliyelala makaburini:

— Basi nimekwisha.

Hapo injini ikawaka.

Manase: Hatukukuona.

Tuligeuka sote. Mzee alikuwa bado anaufuta mguu wake.

Breki: Mzee, tumia akili. Umetoka Unyambwa mpaka Mgori kwenda kuoa, usione unayemuoa?

Manase: Hatukumwona. Tuliuliza. Baba yake akasema binti hayupo, amekwenda kwa shangazi yake kusaidia kuvuna vitunguu. Wao hawakutaka aonekane kama anasubiri. Tukakaa. Chediel akaletewa chakula, akakataa. Akasema hawezi kula kwenye nyumba ambayo aliyemfanya aje hayumo.

Dorkas alimtazama kwa namna ambayo sikuweza kuisoma, nami kusoma watu ndiyo kazi yangu.

Dorkas: Alikataa kula?

Manase: Nilikula mimi sahani yake. Ndiyo maana nakumbuka. Njiani akanilaumu mpaka tukafika.

Dorkas: Hakuwahi kuniambia.

Manase: Angeanzia wapi.

Mimi: Sawa, mzee, lakini dume?

Manase: Dume nimelisikia hapa.

Mimi: Hapa wapi?

Manase: Hapa ubaoni. Kwako. Mgori tulikwenda na mbuzi…

Dorkas akanyanyua mkono haraka.

Dorkas: Usiseme mbele yangu, baba. Utasema huko.

Manase akafunga mdomo kama mlango wa duka siku ya msiba. Breki alikuwa amesimama, hajui mikono aiweke wapi, maana tangu mwaka ule wa turubai ilikuwa na kamba.

Breki: Miaka yote hii, Manase. Asubuhi yote hii. Kwa nini hukusema?

Manase: Mlikuwa mnalisimulia vizuri. Na mimi nikaanza kudhani labda nilikuwa nakula wakati linapita.

Agnes akacheka. Nimekaa pale miaka kumi na minne, nawaambieni, Agnes akacheka mpaka akashika birika lisianguke.

Dorkas alisimama. Akamchukulia Manase fimbo yake pale ilipoegemea, akampa.

Dorkas: Baba, twende. Ukiulizwa sema uliyoyaona tu. Usiloliona, sema hukuliona.

Manase: Sahani niitaje?

Dorkas: Itaje.

Bando akainamisha kichwa kwenye simu, akajifanya anasoma. Breki akarudi kukaa. Lakini mimi sikuumbwa kubaki ubaoni wakati mambo yanakwenda kwa miguu. Tena moyo uliniuma kwa ajili ya Chediel. Alikuwa rafiki yangu, na huyo mzee nilimwona ni mmoja tu, tena wa taratibu, angeweza kuzimika katikati ya kikao wakamsubiri mpaka jioni. Nikavaa kofia.

Mimi: Shemeji, shahidi mmoja ni mguu mmoja. Nakwenda na nyie. Dume nimeliacha hapa hapa, sitalitaja. Nitasema kama alivyosema mzee, kwamba hatukukuona. Na kwa kweli, sasa ninavyofikiri, sikukuona.

Walikuwa wameshapiga hatua kama kumi. Dorkas akasimama. Upepo ulimgeuzia kanga usoni, akaitoa, akanitazama bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

Dorkas: Shemeji, na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?

Kahawa ilikuwa imekwisha, Agnes anakung'uta birika juu ya majivu, na wote watano walikuwa wakinitazama, hata mzee Manase. Sikukosa cha kusema, msinifikirie vibaya. Nilikuwa nimeketi kushoto kwa Chediel pale Mgori, naona mpaka viatu vyake. Na nilikuwa Shelui, nawauzia madereva vitunguu kwenye ndoo ya bluu. Na nilikuwa nyumbani hapa Unyambwa, nina homa, nasikia wanaondoka wakicheka. Nilikuwa na majibu matatu, na yote matatu niliyakumbuka.